Landrova 109 ya marehemu mzee: mlimani inavuta, tambarare inakohoa. Nimeamua kufungua distributa mwenyewe mezani

MtotoWaLandi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Najua humu wengi mko kwenye IST na Harrier, ila leo naomba wazee wa chuma mnisogelee kidogo.

Nina Landrova 109 Series III, injini ya petroli ile ya 2286 cc, kaniachia marehemu baba. Ilikaa chini ya mwembe hapa Himo miaka mitatu. Mwaka jana nikaifufua: betri, matairi, breki, tangi nikalitoa na kulisuuza. Sasa inawaka stata moja, na ikiwa imesimama inaunguruma taratibu kama cherehani. Shida ni moja tu na imenimaliza.

Nikitembea na mguu wa kawaida, mwendo wa sitini hivi, inakohoa, inashtuka, mara nyingine inapiga mzinga kwenye eksozi mpaka kuku wa jirani wanatawanyika. Lakini nikiipandisha Marangu, mguu umezama mpaka chini, inavuta kama trekta. Nikirudi na kushika barabara ya Mwanga, tambarare tupu, kikohozi kinaanza upya. Mlimani mzima, tambarare mgonjwa. Kuna mtu kawahi kuona hii?

Fundi wa kwanza kabadilisha kiti (seti ya vipuri) ya kabureta. Wa pili kaweka koili mpya na plagi nne. Wa tatu kasema ni pampu ya mafuta, nikamwambia ngoja nijipange. Wa nne hakugusa kitu, alizunguka gari mara mbili halafu akaniuliza nauza shilingi ngapi.

DerevaMstaafu

Pole sana mwanangu. Mimi nimeendesha 109 za serikali huko Rukwa enzi zile, gari hizo haziongopi. Angalia filta ya mafuta na uchafu kwenye tangi. Chini ya mwembe miaka mitatu si mchezo.

ChumaChakavu

Uza, ongeza hela kidogo, chukua Noah. Utakuja kunishukuru.

MtotoWaLandi

Mzee DerevaMstaafu, shikamoo. Filta mpya, tangi nimeliosha mwenyewe. Halafu kama ni mafuta kukosekana, si ingekufa mlimani kwanza, pale inapokunywa sana?

ChumaChakavu, nimekusikia. Siuzi.

MamaMultimita

Hapo kwenye swali lako la mwisho ndipo penye jibu. Mafuta yakipungua, gari inalia mlimani. Yako inalia pale injini inapofanya kazi nyepesi. Sasa jiulize ni kitu gani kwenye injini kinafanya kazi tambarare na kinalala mlimani?

Ni vakyumu ya distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Kile kikopo cha mviringo ubavuni mwa distributa, chenye kipaipu chembamba kwenda kwenye kabureta. Gari ikiwa imesimama, tundu lile la kabureta liko upande wa nje wa kipepeo (kile kilango cha hewa) kilichofungwa, halivuti kitu. Ukikanyaga kidogo, kipepeo kinafunguka nusu, mvuto unakuwa mkubwa, kiwambo kinavutwa, na kile kiwambo kinazungusha ile sahani ya ndani iliyobeba pointi (vile vidude viwili vinavyofunga na kufungua umeme wa koili) ili moto uwahi kidogo. Ukikanyaga mpaka chini, kipepeo kimelala wazi, mvuto unapotea, sahani inarudi mahali pake. Kwa hiyo gari yako ni nzima pale sahani inapokuwa imetulia, na inaugua sahani ikisogea.

Fanya hivi kesho. Chomoa kile kipaipu kwenye distributa, kizibe kwa msumari au bolti ndogo ili kabureta isivute hewa ya bure. Nenda Mwanga, urudi, utupe jibu. Haigharimu hata mia.

MtotoWaLandi

Dada MamaMultimita (au niseme mama?), nimetoka Mwanga sasa hivi. Kwenda na kurudi, kikohozi HAKUNA. Imekuwa nzito kidogo kuchangamka, lakini haijakohoa hata mara moja. Miezi saba nimehangaika na dawa yake ilikuwa msumari wa nchi mbili.

DerevaMstaafu

Nimejifunza uzeeni. Kumbe.

MamaMultimita

Msumari si dawa, ni kipimo. Ukiuacha hapo utakula mafuta zaidi tambarare na injini itakuwa na joto bila sababu. Sasa toa distributa uiweke mezani. Gari yako kama ni ya miaka ya sabini itakuwa na Lucas 25D4 au 45D4, soma ubavuni imeandikwa. Kabla hujaitoa:

Chukua picha ya nyaya za plagi zilivyokaa. Kisha zungusha injini kwa hendeli mpaka alama ya puli ilingane na rota (kile kidude kinachozunguka chini ya kofia ya distributa) ielekee waya wa silinda namba moja. Piga mstari kwa rangi ya kucha kwenye mdomo wa distributa pale rota inapotazama, na mstari mwingine kati ya distributa na bloku. Ndipo ulegeze bolti na kuivuta juu. Baada ya hapo hendeli ifungie stoo. Injini isizungushwe hata kidogo mpaka distributa irudi.

MakanikaWaKirinyagaRodi

Hapo kwa hendeli ni kweli kabisa. Kuna jamaa alikuja kwangu na Peugeot 504 pickup, ameng'oa distributa, halafu kijana wake akaingia ndani akapiga stata "kuona kama betri iko sawa." Tulitafuta taiming (wakati wa moto kuruka) hadi jioni.

Na nyaya zisikuchanganye. Order ya moto kwenye silinda za hiyo injini ni 1-3-4-2. Rota inaelekea upande gani usiulize mtu, toa kofia uzungushe injini ujionee mwenyewe. Watu wa intaneti watakuambia mambo mengi.

MtotoWaLandi

Mrejesho, poleni kwa kukaa kimya siku tatu, kulikuwa na msiba jirani.

Distributa ipo mezani, juu ya gazeti. Ni 25D4. Nimeanza na kofia. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu lile la kwetu limechanganyika na weusi wa makaa. Nimeiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikaikausha juani saa mbili. Nikaitazama kwenye mwanga nikiigeuza pole pole, natafuta ule mstari mwembamba kama unywele, kama umechorwa kwa penseli, unaotoka nguzo moja kwenda nyingine. Haupo. Kile kijiti cha makaa katikati kinaingia na kutoka kwenye springi yake vizuri. Ncha nne za shaba zina ukoga mweupe, nimezikwangua kwa ncha ya bisibisi.

Rota ni nyekundu, mpya, ina ribiti juu. Fundi wa pili aliweka.

Pointi ndiyo kichekesho. Upande mmoja una kichuguu, upande wa pili una shimo. Yaani chuma kimehama kutoka huku kwenda kule. Nimepitisha fila geji (vile vipande vyembamba vya kupimia uwazi), inaingia milimita 0.20. Kitabu cha baba kinasema 0.35 hadi 0.40.

Ila sahani sijaona ubaya wake. Inasogea laini.

MamaMultimita

Kazi safi. Tuanze na rota. Hizo za ribiti zina sifa mbaya, ribiti inakaribia mno ule mhimili wa chuma chini yake, siku moja moto unatoboa plastiki na kukimbilia kwenye mhimili badala ya kwenda kwenye plagi. Gari inazima katikati ya safari na kila kitu kinaonekana kizima. Kama ile ya zamani nyeusi bado unayo kwenye kopo la misumari la mzee, irudishe.

Pointi: kichuguu na shimo ni dalili ya kondensa kuchoka, au pointi kukaa muda mrefu bila kutazamwa. Utabadilisha vyote viwili.

Sasa sahani. Usiitazame kwa macho, ipime. Kuna kawaya kafupi kanakotoka kwenye sahani kwenda kwenye mwili wa distributa, kamefungwa kwa skrubu. Hako ndiko ethi ya pointi, yaani njia ya umeme kwenda bodi. Weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye sahani, nyingine kwenye mwili wa distributa. Halafu chomeka mpira kwenye vakyumu na uuvute kwa mdomo, sahani isogee, huku mtu mwingine anasoma namba.

MtotoWaLandi

Wakuu.

Nimemwita binti yangu, yuko darasa la sita, ndiye msomaji. Mimi mdomoni mpira wenye ladha ya petroli ya mwaka 1978. Kabla sijavuta akasoma: "sifuri nukta mbili." Nikavuta. "Sifuri nukta tatu... baba, namba zimepotea, imeandika OL." Nikaachia. "Zimerudi." Nikavuta tena. "Zimepotea." Tumeifanya mara kumi, yeye akawa anacheka kila nikikunja uso.

Kawaya kwa nje kazima kabisa. Nimekabonyeza kwa kucha katikati, kakakunjika kama uzi wa pamba. Ndani ya kitambaa hakuna shaba, imekatika yote. Ncha mbili zilikuwa zinagusana tu, sahani ikisogea zinaachana.

Koili mpya, plagi mpya, kiti ya kabureta. Kawaya kenye urefu wa kidole gumba.

DerevaMstaafu

😂😂 Huyo binti mfungulie gereji.

MakanikaWaKirinyagaRodi

Hii nimeiona mara nyingi kwa Lucas. Hako kawaya kanapinda kila ukikanyaga na kuachia, miaka arobaini na zaidi, lazima kakatike. Usiweke waya wa stima wa kawaida, huo mgumu, miezi miwili umevunjika ama unazuia sahani isisonge. Tafuta waya laini wa nyuzi nyingi nyembamba. Mimi hukata ule wa multimita yenyewe, ule mweusi wa mpira laini. Na ukichoma risasi, choma ncha peke yake. Risasi ikipanda ndani ya waya, hapo inakuwa ngumu kama msumari na ndipo itavunjikia.

MtotoWaLandi

Nimekata wa multimita. Mama yao amesema nikimaliza gari nikamnunulie fundi umeme wa nyumba multimita yake, maana kumbe si yangu, niliazima.

Niendelee na usafi au nirudishe tu?

MamaMultimita

Ukishaifungua, imalize. Chini ya sahani kuna vizito viwili na springi mbili, moja nyembamba moja nene. Usishtuke kuona hazifanani na ile nene imelegea, ndivyo zilivyotengenezwa, nyembamba inafanya kazi mwendo mdogo na nene inaingia baadaye. Kuna watu wanazibana zifanane, wanaharibu. Lowesha na mafuta ya taa, piga mswaki mpaka ule ugumu kama asali iliyoganda utoke, kausha, paka grisi kidogo kwenye pini. Shika pale rota inapokaa, zungusha kwa vidole na uachie. Inatakiwa irudi yenyewe. Ikibaki ilipo, bado chafu.

Kisha shika mhimili utikise kushoto na kulia. Ukicheza cheza kwa wingi, bushi imekwisha, na hakuna geji ya pointi itakayokaa, maana kila jino la kamu (ile sehemu ya mhimili inayosukuma pointi) litafungua kwa kipimo chake.

Mwisho: kamu ipakwe grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti, na ndani ya mhimili chini ya rota matone mawili ya oili. Mawili. Oili ikifika kwenye pointi umerudi mwanzo.

ChumaChakavu

Nyie watu mnajitesa. Kuna kiti za elektroniki, unatupa pointi na kondensa, unaweka kidude kimoja na sumaku, umesahau. Dunia imeacha pointi tangu lini?

MakanikaWaKirinyagaRodi

Si mbaya, wateja wangu wa mjini nawawekea. Lakini kile kidude kikifa uko katikati ya Voi na Taveta usiku, utafanya nini? Pointi inakufa pole pole ikikuonya. Elektroniki inakufa kama balbu.

DerevaMstaafu

Niwape kisa. Tuko porini, gari imekufa, moto hakuna. Fundi wetu alikuwa mzee mmoja mfupi, hana hata bisibisi nzuri. Akaomba karatasi ngumu. Kilichokuwepo ni kadi ya mchango wa harusi ya mfanyakazi mwenzetu. Akaichana kipande, akakipitisha katikati ya pointi, akavuta, akapitisha, akavuta, kadi ikatoka na mstari mweusi. Akapiga stata, ikawaka. Na yule bwana harusi tulimchangia wote.

MamaMultimita

Mzee, kadi bado ni dawa nzuri. Hata pointi mpya zinakuja na utando wa mafuta ya dukani, zisipofutwa gari haiwaki na mtu analaumu koili. Msasa wa chuma epukeni, zile punje zake zinajikita kwenye pointi na kuzichoma.

Kuhusu elektroniki, sina ugomvi. Ila kwa huyu ndugu, kiti mpya ingewekwa juu ya sahani ileile isiyo na ethi, na angekohoa vilevile.

MtotoWaLandi

Wakuu nimerudisha kila kitu na gari IMEKUFA kabisa. Haina moto hata kidogo. Kabla ya hapo ilikuwa inakohoa, sasa haipumui.

Pointi mpya, kondensa mpya, zimetoka Kariakoo kwa basi. Geji 0.38. Rota nyeusi ya mzee. Mistari ya rangi ya kucha imelingana. Nimefanya nini?

MamaMultimita

Tulia. Balbu ya gari ya wati tano, waya mbili. Mmoja kwenye koili upande unaokwenda distributa, mwingine kwenye bodi. Fungua swichi, zungusha injini kwa hendeli pole pole. Pointi zikifunga balbu izime, zikifunguka iwake. Yako inafanyaje?

MtotoWaLandi

Haiwaki kabisa. Zifunge, zifunguke, giza.

Nimechomoa waya unaotoka koili kwenda distributa, balbu IKAWAKA. Nimerudisha, ikazima.

MamaMultimita

Basi umeme unafika koili, halafu unakimbilia bodi ndani ya distributa muda wote. Kuna shoti. Na ninajua ilipo, maana hata mimi nimewahi kuifanya.

Fungua ile nati ndogo kwenye nguzo inayoshika springi ya pointi. Pale kuna kikofia cha plastiki. Waya wa kondensa na waya wa koili, zote mbili, zinatakiwa ziguse springi, lakini zisiiguse nguzo wala nati, maana nguzo ni bodi. Kwa hiyo plastiki inapita katikati ya matundu ya zile ncha za waya na kuzitenga. Wewe umevalisha waya juu ya plastiki badala ya chini ya ukingo wake, nati imezikamata. Ni sawa na pointi zisizofunguka kamwe.

MtotoWaLandi

Ndivyo ilivyokuwa. Neno kwa neno. Plastiki yenyewe ni kubwa kama tembe ya panadoli.

Nimepanga upya, balbu inawaka na kuzima kama ulivyosema. Nimerudia geji kwanza, kisha taimingi, maana nimegundua nikigusa geji taimingi nayo inahama. Nimeweka alama ya puli kama kitabu cha baba kinavyotaka, nikalegeza distributa, nikaizungusha taratibu mpaka balbu ikawaka tu, hapo hapo nikabana bolti.

Stata moja. Msumari nimeutoa, kipaipu nimekirudisha. Kesho Mwanga.

NjiaPanda_92

Naomba kuuliza, mimi nafuatilia kimya tangu ukurasa wa kwanza. Kondensa kazi yake hasa ni nini? Fundi wangu anasema ni ya redio isikwaruze.

MamaMultimita

Redio inafaidika, lakini si hiyo. Pointi zikifunga, umeme unazunguka kwenye koili na kuijaza usumaku. Zikifunguka, ule usumaku unaporomoka ghafla, na kule upande wa nyaya nyingi za koili ndiko zinakozaliwa volti elfu kumi na tano na zaidi za kwenda kwenye plagi. Lakini upande wa pointi nako zinaruka volti mia kadhaa, nazo zinataka kuvuka ule uwazi wa 0.38. Zikivuka, usumaku hauporomoki ghafla, unazama pole pole kama gurudumu lenye pancha ndogo, na plagi inapata moto wa kiberiti chenye unyevu. Kondensa inazipokea zile volti kwa kitambo kidogo pointi zipate nafasi ya kuachana.

Na hiyo si mara moja. Injini ikizunguka 3000 kwa dakika, distributa inazunguka 1500, kamu ina meno manne, piga hesabu: pointi zinafunguka mara 100 kila sekunde.

NjiaPanda_92

Mara mia kwa sekunde na inatengenezwa na kadi ya harusi. Ahsante mama.

MtotoWaLandi

Mrejesho wa mwisho. Jana nimempakia mama mzazi mbele, binti na multimita ya watu nyuma. Himo, Mwanga, tukaendelea mpaka Same, tukanywa chai, tukarudi. Tambarare yote. Sitini, sabini, mguu mwepesi, hakuna kikohozi. Karibu na Mwanga nilimsikia mama anaimba pole pole, ile nyimbo aliyokuwa anaimba baba akiendesha. Sikumwambia kwamba nimesikia.

Mchana wa leo nimefungua kofia kuangalia tu. Pointi zina rangi ya kijivu safi, pande zote mbili sawa.

ChumaChakavu

Haya nimekubali. Yule fundi wa nne bado anaitaka?

MtotoWaLandi

Alipita asubuhi, kaisikia inavyounguruma. Kaongeza laki mbili.